Mbele ya kufika hospitali: damu, pikipiki na dakika za kwanza

Chukua mfano wa barabara ya Kavumu kuelekea Bukavu, saa kumi na mbili ya jioni. Pikipiki mbili zimegongana. Kijana mmoja amelala kando ya barabara, damu inatoka pajani kwa nguvu. Watu wanakusanyika. Mmoja anasema apewe maji. Mwingine anasema asiguswe mpaka polisi ifike. Wa tatu anapiga telefone kwa ndugu za kijana ili walete pesa. Mwisho motari mmoja anakubali kumbeba, mtu mwingine anapanda nyuma kumshikilia, na wanaondoka mbio.

Nani alimtibu huyu kijana wa kwanza? Wengi watajibu: munganga aliyempokea hospitali. Hapana. Wa kwanza walikuwa wale watu wa barabarani, na yule motari. Walichofanya, ao walichoacha kufanya, kinaweza kuamua kama munganga atapokea mgonjwa ao maiti.

Kipande hiki cha wakati, kutoka mahali mtu alipoumia mpaka mlango wa hospitali, kilibaki miaka mingi bila kuandikwa kwenye kitabu chochote. Vitabu vya hospitali vinahesabu wale waliofika. Aliyekufa njiani, juu ya kipoyi ao kwenye mtumbwi, anazikwa na jamaa yake, na mara nyingi hesabu yake inapotea. Watafiti wa inchi mbalimbali wameanza kuangalia kipande hiki kwa karibu, na mengine waliyoyapata yanagusa moja kwa moja maisha ya wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika.

Kuchelewa mara tatu

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walitangaza kazi juu ya wamama wanaokufa kwa uzazi. Walisema mama hafi tu kwa sababu ya damu ao homa. Anakufa kwa sababu ya kuchelewa, na kuchelewa kuko mara tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda kutafuta matunzo. Kiisha ni kuchelewa njiani. Tena ni kuchelewa kutunzwa hata baada ya kufika.

Hesabu hiyo ilitungwa juu ya uzazi, lakini leo inatumiwa pia kwa ajali, risasi, nyoka na mtoto mwenye homa kali. Mkaaji wa mashariki mwa Kongo hahitaji kuelezwa sana. Kuchelewa kwa kwanza ni baba anayetafuta pesa, ao jamaa inayongoja mkubwa wa familia arudi shambani ndipo aseme ndiyo. Kwa pili ni matope, daraja lililovunjika, barieri, vita, usiku ambao hakuna anayethubutu kutembea. Kwa tatu ni pale mlangoni, wakati mtu anavuja damu na wanaulizana nani atalipa.

Watafiti wa huduma mbele ya hospitali wanashughulika zaidi na kule kuchelewa kwa pili. Swali lao ni hili: kama barabara haiwezi kufupishwa, je, yale masaa ya njiani yanaweza kutumiwa kumwokoa mtu?

Jibu kutoka kwenye mashamba ya mine

Jibu moja la maana lilitoka kaskazini mwa Iraki na Kambodia, inchi mbili ambazo vita viliacha mabomu ya ardhini kila mahali. Tangu 1997 mpaka 2001, kikundi kilichoongozwa na munganga Hans Husum wa Norway kilifundisha watu wa vijiji. Wauguzi na wafanyakazi wa afya 135 walipata mafundisho marefu. Chini yao, wakaaji wa kawaida 5.200 walifundishwa mambo machache: kusimamisha damu, kufungua njia ya pumzi, kumlaza mtu vizuri, kumkinga na baridi.

Hakuna hospitali mpya iliyojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, wala helikopta haikununuliwa. Vijiji vilibaki mbali kama zamani. Lakini vifo kati ya majeruhi wakubwa vilishuka kutoka 40 kwa mia mpaka 14,9 kwa mia.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Utafiti ule haukuwa na kundi lingine la kulinganisha. Ulilinganisha mwanzo na mwisho. Katika miaka mitano mambo mengi yanaweza kubadilika: vita kupungua, barabara kutengenezwa, namna ya majeraha kugeuka. Kwa hiyo si vizuri kusema kila maisha yaliyookoka yaliokolewa na mafundisho. Lakini mwaka 2012 watafiti wengine walikusanya kazi za namna hiyo kutoka inchi mbalimbali zenye mapato madogo na ya katikati, wakazijumlisha. Walipata kwamba mahali ambapo mpango wa kusaidia majeruhi mbele ya hospitali ulianzishwa, hatari ya kufa ilipungua kwa karibu robo. Robo nzima, na mara nyingi bila vyombo vya bei kali.

Dereva kama muuguzi wa kwanza

Huko Ghana, watafiti walianza na jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona: majeruhi wengi hawafikishwi na ambulansi, wanafikishwa na taksi na basi. Basi, badala ya kulia juu ya ambulansi zisizokuwako, waliwafundisha madereva. Madereva 335 walifuata somo la masaa sita tu. Bei ilikuwa dola chache tu kwa kila mmoja.

Karibu miezi kumi baadaye, waliwatafuta 71 kati yao na kuwauliza. Watu 61 kwa mia walisema wamekwisha kumsaidia majeruhi tangu somo lile. Mbele ya somo, ni 4 kwa mia tu waliokuwa wanajaribu kusimamisha damu. Baada yake, 42 kwa mia. Ni kweli, hayo ni maneno ya madereva wenyewe, na mtu akiulizwa na mwalimu wake anaweza kujisifu kidogo. Lakini hata ukitoa sehemu ya majivuno, tofauti inabaki kubwa.

Karibu zaidi, katika mji wa Kampala, polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa 307 walifundishwa kwa namna hiyo hiyo. Kazi ile ilitangazwa mwaka 2009. Watafiti walipiga hesabu ya kueneza mafundisho kwa mji mzima na wakapata dola 0,12 kwa kila mkaaji. Kiisha, katika wilaya ya Iganga, mashariki mwa Uganda, ikawa zamu ya waendesha pikipiki: 154 walifundishwa na kupewa vifaa vidogo vya kubeba.

Uamuzi wa kuchukua watu wa pikipiki ni wa akili. Motari yuko kwenye kona ya barabara tangu asubuhi mpaka usiku. Anajua njia za kukata. Ana telefone. Na yeye mwenyewe ndiye anayeumia mara nyingi, kwa hiyo somo linamgusa. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira, Kalemie: hakuna mji hata mmoja kati ya hiyo ambao motari haonekani kwanza, mbele ya gari lolote lenye taa ya kuzunguka.

Damu haingoji

Kati ya mambo yote yanayoua haraka barabarani na kwenye mapigano, damu ndiyo mtu wa kawaida anaweza kuipinga kwa mikono yake. Utafiti uliofanywa mwaka 2006 katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad uliangalia majeruhi 232 waliofungwa garo, ule mkanda wa kukaza juu ya mkono ao mguu ili damu isitoke. Wale waliofungwa mapema, mbele ya mwili kuzimia kwa kukosa damu, 90 kwa mia walipona. Wale waliofungwa wakati mwili umekwisha kulegea, ni 10 kwa mia tu. Garo ni ile ile. Kilichotofautisha ni saa.

Utafiti huo ulivunja pia woga wa zamani. Wauguzi wengi walifundishwa kwamba garo inakata mguu, kwamba ni heri kuiacha. Kati ya majeruhi wale hakuna hata mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya garo peke yake. Lakini wale walikuwa na hospitali karibu, na garo zilizotengenezwa kiwandani. Mtu wa kijiji atakayefika hospitali kesho yake yuko katika hali nyingine, na kwake garo ni shauri la mwisho.

Kwa hiyo mpango ni huu. Damu ikitoka, kitu cha kwanza ni kukandamiza. Kitambaa safi, kipande cha kitenge, hata shati, kinawekwa moja kwa moja juu ya kidonda na kukandamizwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, bila kuinua kila mara ili kuchungulia. Kama kidonda ni kirefu, kitambaa kinasukumwa ndani yake. Kwa majeruhi wengi hiyo inatosha.

Kama ni mkono ao mguu na damu haisimami, ndipo garo. Iwe pana, kama vidole vitatu hivi. Kamba nyembamba ao waya vinakata nyama. Inafungwa juu ya kidonda, upande wa moyo, kwa nafasi ya vidole vitatu ao vine, lakini si juu ya goti wala kiwiko. Kijiti kinaingizwa kwenye fundo na kuzungushwa mpaka damu isimame kabisa. Garo iliyolegea ni mbaya kuliko kutofunga, kwa sababu inazuia damu kurudi na kuacha ile inayotoka iendelee. Itaumiza, na mgonjwa atalalamika, asifunguliwe njiani. Saa ya kufunga iandikwe, hata kwa bike juu ya mkono wake, ili wauguzi wajue.

Kisu, chuma ao kipande cha mti kilichosimama mwilini kisichomolewe. Udongo na majani visiwekwe kidondani. Majeruhi mkubwa asipewe chakula, pombe wala maji mengi, maana pengine atapasuliwa. Afunikwe nguo, kwa sababu mwili uliopoteza damu unapoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri.

Dawa yenye saa tatu

Kwa upande wa vituo vya afya, kuna utafiti mmoja ambao kila muuguzi wa kijijini angefaa kuujua. Unaitwa CRASH-2, na uliongozwa kutoka London. Wagonjwa 20.211 waliovuja damu baada ya kuumia, katika hospitali 274 za inchi 40, waligawanywa: wengine walipewa dawa ya asidi tranekzamiki, wengine maji yasiyo na dawa, bila mtu kujua nani kapata nini. Matokeo yalitangazwa 2010. Vifo vilikuwa 16 kwa mia kwa wale wasioipata, na 14,5 kwa mia kwa walioipata.

Tofauti inaonekana ndogo. Lakini dawa hii ni ya zamani, Wajapani waliivumbua tangu miaka ya 1960, na bei yake si kubwa. Mwaka 2017 utafiti mwingine juu ya wamama 20.060 waliovuja damu baada ya kuzaa ulionyesha kwamba inapunguza pia vifo vya damu kwao.

Jambo lenyewe liko kwenye saa. Dawa inasaidia ikiingia ndani ya masaa matatu tangu mtu alipoumia. Nyuma ya masaa matatu haisaidii tena, na kwa majeruhi inaweza hata kuleta hatari. Watafiti walipojumlisha wagonjwa zaidi ya 40.000, waliona kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa karibu 10 kwa mia. Sasa pima masaa matatu hayo na safari ya kutoka ndani ya Shabunda ao Walikale. Dawa ikikaa kwenye kabati ya hospitali kuu peke yake, wagonjwa wengi wa mbali wataikuta imekwisha kuwa bure kwao. Ni kazi ya muuguzi aliyefundishwa, inapitia mshipa, si ya motari. Lakini inaweza kutolewa kwenye kituo cha afya cha kwanza, mbele ya kumtuma mgonjwa mbele.

Kukimbia ao kusimama?

Watu wa kazi hii wana ubishi wa zamani: je, ni heri kumtunza mtu palepale ao kumbeba mbio? Katika jimbo la Ontario, inchi ya Kanada, walijaribu kupima. Ambulansi zilipewa wafanyakazi wenye ujuzi wa juu, wa kuingiza mpira kooni na kutia seromu barabarani. Majeruhi wakubwa 2.867 waliangaliwa. Waliopona walikuwa 81,8 kwa mia mbele ya mpango, na 81,1 kwa mia baada yake. Ujuzi wote ule haukuongeza kitu. Kwa wale waliozimia kabisa, hali hata ilikuwa mbaya zaidi.

Katika mji wa Philadelphia, Marekani, polisi wanaruhusiwa kumtupa majeruhi wa risasi ndani ya gari lao na kwenda, bila kungoja ambulansi. Utafiti wa 2014, juu ya wagonjwa 4.122 wa risasi na visu, haukuona kwamba waliobebwa na polisi wanakufa zaidi ya waliobebwa na ambulansi.

Mtu akisoma haya haraka atasema: basi, tupakie na kukimbia, kwisha. Ni kosa. Philadelphia hospitali iko dakika chache. Anayevuja damu kwa dakika nane anaweza kufika hai bila kufungwa. Anayevuja kwa masaa mawili juu ya pikipiki, hapana. Mahali ambapo njia ni ndefu, dakika mbili za kukandamiza na kufunga mbele ya kuondoka zinalipa. Dakika ishirini za kubishana, hazilipi.

Pikipiki na nyoka

Utafiti mwingine ulitoka mbali, kusini-mashariki mwa Nepali, lakini mkulima wa Fizi ao Lubero ataona shamba lake ndani yake. Katika vijiji vine, wenye pikipiki walijitolea kubeba watu walioumwa na nyoka mpaka kituo chenye dawa ya sumu, mchana na usiku. Mgonjwa aliketi katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshika nyuma. Pamoja na hayo, wakaaji walifundishwa kuacha kupoteza wakati kwa matibabu mengine kwanza. Kati ya walioumwa, vifo vilishuka kutoka 10,5 kwa mia mpaka 0,5 kwa mia. Matokeo hayo yalitangazwa 2013.

Hapa kuna mtego. Garo inayookoa mtu wa ajali haifai kwa nyoka. Kukaza mguu ulioumwa kunaweza kuoza nyama, na sumu inaweza kushuka kwa ghafla ikifunguliwa. Kukata, kunyonya, kuchoma: vyote viachwe. Mguu ao mkono utulizwe kama uliovunjika, pete na bangili zitolewe mbele ya kuvimba, na safari ianze.

Pikipiki ina mipaka yake pia. Aliyeumia shingo ao mgongo, asiyesikia miguu yake, ao aliyezimia, akikalishwa wima kati ya watu wawili anaweza kuumia zaidi, na ulimi ao matapishi yanaweza kumziba pumzi. Huyo anahitaji kulala: gari, barankari, kipoyi, hata mlango uliong'olewa. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo. Kama kweli hakuna chombo kingine na kukaa ni kufa, mtu atachagua. Lakini achague akijua.

Nani atalipa esansi?

Mafundisho yote haya yanagonga ukuta mmoja: yule motari wa Kavumu aliyekubali alikuwa anahesabu. Damu kwenye kiti. Esansi. Barieri usiku. Na hofu kubwa zaidi, kwamba atakapofika ataulizwa pesa ya kwanza, ao kushikwa kana kwamba ndiye aliyegonga. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inahesabu kumwacha mtu katika hatari kuwa kosa, lakini sheria hiyo haimlipii mtu esansi.

Majirani wamejaribu njia zao. Rwanda ilianzisha mwaka 2007 huduma ya SAMU, na mkaaji anapiga 912. Tanzania, kwa mpango unaoitwa m-mama ulioanza kwenye mikoa ya ziwa Victoria, ilichukua njia nyingine kwa wamama na watoto wachanga: anayepiga 115 bila malipo anapata ambulansi, na kama hakuna, dereva wa kawaida aliyeandikishwa anatumwa na analipwa kwa telefone akimfikisha mgonjwa. Jamaa haitafuti pesa usiku, dereva hana wasiwasi wa kudanganywa. Mpango ule uligusa kuchelewa kwa kwanza na kwa pili kwa mara moja.

Mashirika ya wamotari ya mashariki mwa Kongo yana vitu ambavyo Ghana na Iganga walianza navyo: majina ya wanamemba, jile zenye namba, viongozi wa kila maegesho. Msalaba Mwekundu una wajitoleaji wanaojua kufundisha. Mfuko wa esansi kwa ajili ya majeruhi, unaochangwa kidogo kidogo kwenye maegesho ao kwenye mutuelle ya afya ya eneo, hauhitaji kungoja Kinshasa.

Na kituo cha afya kinaweza kuanza kesho na mistari minne ndani ya kitabu chake cha kupokea wagonjwa: mtu aliumia saa ngapi, alifika saa ngapi, nani alimleta, na alifanyiwa nini njiani. Na wale walioletwa wamekwisha kufa waandikwe pia, pamoja na wengine.